Mwongozo kamili: kumsaidia mtoto wa chini ya miaka mitatu acheze na wenzake

"Mpe mwenzio!" Pita uchochoro wowote wa Majengo au Kibokoni hapa Mombasa saa kumi na moja jioni, akina mama wakiwa wametoa mikeka nje, na utaisikia amri hiyo kabla hujafika nyumba ya tatu. Anayeamriwa ana mwaka mmoja na nusu, amelikumbatia kopo la plastiki, na wala hashughuliki. Amri ikirudiwa kwa ukali, atalia. Kopo likichukuliwa kwa nguvu akapewa yule mwingine, atakuwa amejifunza jambo moja tu: mwenye nguvu hunyang'anya. Halafu ataambiwa ni mchoyo.

Si mchoyo, ni mdogo. Kutoa kitu kwa hiari, kungoja zamu na kuona kwamba mwenzako ana uchungu ni mambo yanayokuja polepole, na mtoto wa umri huu hayapati kwa kuamriwa wala kwa kutumbukizwa katikati ya watoto kumi na watano. Huyapata akiwa na mwenzake mmoja au wawili, wale wale kila mara, na mtu mzima aliyekaa kitako karibu nao. Kazi yangu ni kulea watoto wadogo hapa Mombasa, na haya ndiyo ninayowaambia wazazi wanaponishika mlangoni jioni wakiniuliza mbona mtoto wao anapiga, anauma, au anajificha nyuma ya dera la mamake.

Kwanza ujue umri wake unaruhusu nini

Watoto wachanga huitikiana mapema. Wodini mmoja akianza kulia, wengine hufuata. Kati ya wiki ya 6 na ya 8 huja tabasamu la kweli, lile la kumjibu mtu. Akifika miezi 3 au 4 atamkodolea macho mtoto mwenzake, na ukiwaweka karibu atamgusa. Kwenye miezi 6 atamtolea sauti, atamchekea, kisha atamvuta nywele au kumtia kidole jichoni. Hapo watu wazima huruka kwa hofu, lakini mtoto anachunguza tu. Ushike mkono wake, umwonyeshe kupapasa taratibu.

Karibu miezi 8 au 9 wengi huanza kuogopa sura ngeni. Mtoto aliyekuwa akibebwa na kila mtu sokoni Kongowea sasa anapiga yowe akiguswa. Hajaharibika. Ni dalili kwamba ameshajua nani ni wake. Miezi hiyo hiyo huanza kufuata macho yako yanakotazama, na kufikia mwaka mmoja huonyesha kwa kidole na kukupa kitu ili umrudishie. Mchezo huo wa nipe-nikupe ndio shule yake ya kwanza ya zamu.

Kati ya mwaka mmoja na miwili kazi kubwa ni kuiga. Mmoja akigonga sufuria, na wa pili atagonga. Kwenye miezi 18 hivi wengi huanza kujitambua wakijiona kwenye kioo, na muda si muda utasikia "yangu!" kutwa nzima. Yanakwenda pamoja: anayejua kwamba yeye ni yeye hujua pia kwamba kuna vitu vyake. Miaka 2 watacheza ubavu kwa ubavu, kila mtu na chake, huku wakitupiana jicho. Kuelekea miaka 3 wataanza kuigiza, wapike, wauze duka, walaze mtoto.

Mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alizipanga aina za michezo ya watoto katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 1932: anayecheza peke yake, anayetazama, anayecheza ubavuni mwa wenzake, wanaochanganyika, na wanaoshirikiana. Wengi wakaisoma orodha hiyo kama ngazi, kwamba anayecheza peke yake yuko chini. Sikubaliani nao. Hata mtoto wa miaka 5 hucheza peke yake akitaka, na anayetazama kwa dakika ishirini bila kuingia anafanya kazi kubwa kichwani.

Hatua ya 1: anza na uso wako

Kabla ya mwenzake kuna wewe. Akitoa sauti, ngoja kidogo, umjibu, ngoja tena. Funika uso kwa leso, ujifunue, acha acheke, halafu umwachie pembe ya leso aivute mwenyewe. Hapo anajifunza kwamba akifanya jambo, mwingine hulijibu.

Miaka ya 1970 Edward Tronick na wenzake huko Marekani waliwaomba akina mama wawatazame watoto wao kwa muda mfupi wakiwa wamekaza uso, bila neno wala tabasamu. Watoto walijaribu kila mbinu kuwarudisha mama zao, kisha wakageuza uso na kununa. Sisemi usishike simu. Nasema mtoto akikutazama mara tatu nawe macho yako kwenye simu, amekwisha kupata jibu.

Mtoto akiwa macho, mlaze kifudifudi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri angalau dakika 30 kwa siku kwa wasioanza kutambaa, zikigawanywa vipande vipande. Jirani akiwa na mtoto wa rika lake, walazeni wawili juu ya leso uso kwa uso, kila mmoja aweze kuufikia mkono wa mwenzake. Dakika tano zatosha.

Mwongozo huo huo unasema asiyefikisha mwaka asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wala wa mwaka mmoja, na wa miaka 2 isizidi saa moja kwa siku. Runinga inayowaka sebuleni kutwa huwanyamazisha watu wazima pia, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Hatua ya 2: mtafutie mwenzake mmoja

Watoto wadogo huchezeana vizuri zaidi wakizoeana. Wanapokutana na sura mpya kila wiki, muda wote unaishia kwenye kupimana.

Anayeishi kwenye nyumba ya Kiswahili, vyumba vimepangana huku na huku na uani ni mmoja, hana shida ya kumpata. Kazi yake ni kupunguza watu, si kuongeza. Mwenye fleti Nyali au Bamburi, mlango umefungwa na jirani hamjui, itabidi atafute. Mahali pazuri kuliko unavyodhani ni foleni ya chanjo kliniki: watoto wa wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9, hukutanishwa na tarehe zao za kuzaliwa. Mama uliyekaa naye benchi moja mara tatu ana mtoto wa rika la wako. Mwambie tu, "Mamake Fulani, njoo Jumanne alasiri, tuwaache wacheze." Wengi wanangoja kuombwa.

Mkikubaliana, semeni mapema mambo mawili. Mwenye homa, kuhara au upele hatoki siku hiyo, na mwenzake asione vibaya. Na watoto wakigombana, hakuna anayempiga mtoto wa mwenzake. La pili hili limevunja ujirani mwingi hapa mjini.

Usidhani ndugu wakubwa wanatosha. Dada wa miaka 7 ni msaada mkubwa, lakini ndiye anayeubeba mchezo wote: anamwokotea mpira, anamwachia ashinde, au anampokonya na kukimbia. Mtoto anahitaji pia wa kimo chake, ambaye hatamwachia wala hatamshinda daima.

Mara mbili kwa wiki ni kiasi kizuri.

Hatua ya 3: wakati, mahali, na kilichomo mkononi

Mtoto mwenye njaa au usingizi hana subira, na joto la kaskazi humaliza hata yetu sisi. Kuanzia Desemba hadi Machi watoe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya alasiri. Wa mwaka mmoja aondoke baada ya nusu saa, wa miaka miwili saa moja, na muondoke wakiwa bado wanacheka.

Uani ukiwa na kivuli panatosha. Bustani ya Mama Ngina ina upepo na nafasi ya kukimbia, ila ukuta wa bahari unataka macho yasiyobanduka. Mchanga wa ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, pale tunapopaita Pirates, hauna mfano kwa watoto wawili na kijiko kila mmoja, mradi iwe asubuhi ya siku ya kazi. Jumapili msiende. Angalieni maji kwanza: siku za bamvua bahari hupanda kwa kasi na kuumeza ufuo, kwa hiyo nendeni maji yakipwa, na kaeni nyinyi upande wa bahari, watoto upande wa nchi kavu.

Kwa vitu vya kuchezea, viwe viwili viwili. Makopo mawili yanayofanana, vifuu viwili vya nazi vilivyosuguliwa, miiko miwili, mipira miwili. Kitu kimoja kizuri kati ya watoto wawili ni ugomvi uliopangwa na watu wazima. Ongeza kimoja au viwili ambavyo haviishi mtu akivitumia: beseni la maji, sanduku kubwa la boksi la kuingilia na kutokea, leso la kuburuza. Kile akipendacho mno, kile alalacho nacho, kifiche kabla wageni hawajafika; hakuna anayelazimika kugawana kila kitu.

Mbuzi ya kukunia nazi itoke uani. Karanga na mabuyu yasiwe karibu na wa chini ya miaka 3: kokwa ya buyu ni ngumu, inateleza, na yatosha kuziba koo. Beseni lisiachwe na maji hata kidogo mkiinuka.

Hatua ya 4: kaa kitako karibu nao

Hii ndiyo yenye kazi kuliko zote. Kukaa kwenye kiti cha plastiki ukiongea huku ukipaza sauti "acheni!" kila baada ya dakika mbili hakusaidii. Kaa mkekani, mkono wako uwafikie wote wawili, na uongee kidogo.

Wiki iliyopita walikuwa wawili kwenye mkeka, mvulana wa miezi 20 na msichana wa miezi 23. Mvulana alikuwa akikoroga maji kwenye sufuria kwa upawa. Msichana naye alikuwa na upawa, mpya zaidi, ameuacha kando. Alioutaka ni ule unaofanya kazi. Watoto wengi ndivyo walivyo, kitu huanza kupendeza kikiwa mkononi mwa mwingine. Akaushika, mvulana akavuta, akafungua mdomo aung'ate mkono wa mwenzake. Nikaweka kiganja changu juu ya upawa, si juu ya mikono yao. "Naushika mimi kwanza. Hakuna atakayeumia." Kisha nikasema nilichokiona: "Wewe ulikuwa unakoroga. Na wewe unataka kukoroga." Halafu nikamuuliza msichana, "Tufanyeje, mamangu?" Nikanyamaza. Alivuta tena, mara mbili, akiniangalia. Mvulana hakuachia. Kikapita kitambo ambacho mtu wa pembeni angeona nimezubaa. Ndipo msichana akauacha, akageuka, akaokota upawa wake na kuutia ndani ya sufuria ile ile. Mvulana akautazama ule upawa wa pili ukizunguka, akacheka, wakaanza kupiga maji.

Yote hayo hayakufika dakika mbili. Ningemwambia mvulana ampe, au ningemgombeza msichana, ningekuwa nimewafanyia wao kazi yao.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Zuia maumivu kwanza. Shikilia kitu chenyewe bila kukihukumia mtu. Taja anachotaka kila mmoja, kwa maneno mafupi. Uliza. Ngoja. Wakishindwa kabisa, pendekeza: "Yeye akimaliza, wewe." Usiseme "dakika tano", hajui dakika ni nini, sema "akijaza kopo, zamu yako", kitu anachoweza kukiona kikiisha. Na hakikisha zamu hiyo inafika kweli. Mtoto aliyengojeshwa akasahauliwa hatangoja tena kesho.

"Sema samahani" mimi siilazimishi kabla ya miaka 3. Anajifunza kutamka neno la kufutia makosa na kuendelea. Badala yake mwambie amletee aliyeumia kitambaa, au maji. Hapo utashangaa. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa wakifanya kazi Ujerumani, walichapisha majaribio ambamo mtu mzima alijifanya kudondosha kibanio cha nguo asiweze kukifikia. Watoto wa miezi 18 wengi walimwokotea bila kuombwa wala kuahidiwa chochote. Yaani moyo wa kusaidia unatangulia mbali moyo wa kugawana. Tumia mlango huo ulio wazi: "Mpelekee mwenzio kikombe chake," "Tushike mkeka sote tuukung'ute." Anayezoea kumpelekea mwenzake kitu cha mwenzake, baadaye humpa na chake.

Jambo la pili ni kuongelea hisia, na hasa kuuliza. Celia Brownell na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2013, waliona kwamba watoto ambao wazazi wao waliwauliza kuhusu hisia wakati wa kuangalia kitabu cha picha, wazitaje na kuzieleza wenyewe, ndio waliokuwa wepesi zaidi wa kusaidia na kugawana. Kitabu si lazima. Mtoto wa jirani analia dirishani: "Yule anaonaje? Amepatwa na nini?" Jibu lake la neno moja linatosha.

Hatua ya 5: akipiga, akiuma

Kupiga, kusukuma na kuuma huwa kwingi kati ya mwaka mmoja na mitatu, kisha hupungua maneno yakiongezeka. Karibu kila mtoto hupitia humo, hata waliolelewa vizuri.

Akiuma, nenda kwanza kwa aliyeumwa, umkumbatie. Kisha mgeukie aliyeuma, ushuke usawa wa macho yake: "Hapana. Kuuma kunatonesha." Basi. Hotuba ndefu haisikii. Ngozi ikichanika, osha kwa sabuni na maji mengi na umpeleke kituo cha afya. Usimuume ili "aonje uchungu wake", wala usimpake pilipili mdomoni. Bado kuna wanaoshauri hivyo, na kinachopatikana ni mtoto anayeuma ukimpa kisogo.

Halafu chunguza. Je, huuma kabla ya chakula? Baada ya saa fulani? Wakiwa wengi? Anaota magego? Mara nyingi utaona ni saa ile ile, mwenzake yule yule, sehemu ile ile iliyobana. Rekebisha hapo.

Mtoto mwenye haya

Kuna watoto wanaoingia polepole. Usimsukume mbele za watu ukisema "nenda ukacheze, unaona haya gani?" Fika mapema, kabla ya wenzake, azoee mahali pakiwa kimya. Mkalishe mapajani, uanze wewe kucheza na kile kitu; yule mwenzake atasogea, na mkono wa wako utaanza kutoka. Siku nyingine hautatoka. Rudini nyumbani bila lawama.

Akienda dekea (kituo cha kulelea watoto mchana)

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi, na wengi wa Changamwe, Mikindani na Kisauni wanaofanya kazi viwandani humwacha mtoto kwa mlezi mara ikiisha. Ukichagua mahali, usidanganywe na picha za ukutani. Tazama mlezi anakaa wapi: chini na watoto, au mlangoni na simu. Uliza kama wako atashikwa na mtu yule yule kila siku. Hesabu vichwa, kwa maoni yangu wachanga zaidi ya wanne kwa mlezi mmoja ni wengi mno, hata awe hodari vipi. Uliza wanafanyaje mtoto akimuuma mwenzake, na usikilize jibu bila kumsaidia.

Wiki ya kwanza kaa naye saa moja, kesho yake toka kidogo urudi. Muage ukiondoka hata kama atalia. Ukitoroka, siku nyingine atashinda akilinda mlango badala ya kucheza.

Lini umwone daktari

Kuchelewa kucheza na wenzake peke yake si ugonjwa. Lakini usingoje ukiona haya: miezi 9 hatabasamu wala hakujibu kwa sauti; mwaka mmoja haitikii jina lake, hapungi mkono, haonyeshi kwa kidole; miezi 16 hana hata neno moja; miaka 2 haunganishi maneno mawili kwa akili yake mwenyewe; au, katika umri wowote, alikuwa na maneno au michezo na sasa ameiacha. Kwenye maneno, hesabu lugha zote za nyumbani kwa pamoja. Mtoto anayesikia Kiswahili kwa mama, Kigiriama kwa nyanya na Kiingereza dekea hacheleweshwi na hilo, wasikutishe.

Anza na masikio, hasa akiwa na mafua na usaha wa mara kwa mara. Asiyesikia vizuri huonekana kama asiyetaka watu. Beba kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto ulichopewa kliniki, kina nafasi ya kufuatilia ukuaji wake. Andika mambo matatu unayoyaona nyumbani, kwa sababu mtoto anaweza kulala fofofo mbele ya daktari, na ukiwa na video fupi kwenye simu ni bora zaidi. Zahanati ikiona ipo haja itakuandikia rufaa, na kwa Mombasa mara nyingi ni Hospitali Kuu ya Pwani. Ukiambiwa "ngoja atakua" na moyo wako bado haujatulia, rudi tena mwezi ujao, au nenda kwingine.